Gari la Nyumbani si la Dereva Peke Yake

Kila Jumamosi alasiri, usafi wa kambi ukiisha kukaguliwa, huonekana nyuma ya nyumba za askari gari dogo limeinuliwa kwa jeki, magurudumu yamevuliwa, na mawe yamewekwa chini yake lisije likamwangukia mtu. Kando yake husimama wanaume wanne au watano: mmoja ana spana, waliobaki wana maoni. Gari lenyewe mara nyingi ni Toyota Carina, Corona au Premio, lililotumika miaka mingi Japani kabla ya kuvuka bahari, kuteremshwa Mombasa au Dar es Salaam, na kufika Uganda kwa barabara. Gari hilo si bovu. Linawaka asubuhi, linapeleka watoto shule, linarudi jioni. Hata hivyo mwenyewe amekwisha kuamua kwamba halimtoshi. Anataka rimu pana zinazometa. Anataka lisimame juu kama gari la doria, au pengine lilale chini kama la mashindano. Anataka injini ingurume hata jirani aliyelala ajue kwamba afande amerudi.

Tamaa hiyo si ya kuchekwa. Askari huvaa nguo aliyopewa, hulala alipopangiwa, huamka kwa filimbi na huhama kwa amri. Viatu vyake ni sawa na vya mwenzake, na kofia yake haina tofauti na nyingine mia moja. Gari huwa kitu cha kwanza kikubwa maishani mwake ambacho hakikutoka stoo ya serikali. Si ajabu basi akitaka kulitia alama yake mwenyewe, kama vile mkewe anavyotia pazia la rangi aipendayo katika dirisha linalofanana na madirisha yote ya kambi. Swali lililo kubwa ni jingine. Mabadiliko hayo yakiisha kufanywa, ni nani anayeyalipia? Hapa hauulizwi mfuko peke yake. Huulizwa ni mgongo wa nani, ni usingizi wa nani, na siku ya shida ni maisha ya nani.

Katika jambo hili askari ana somo ambalo raia wengi hawakulipata. Amekabidhiwa bunduki, akafundishwa kuifungua, kuisafisha na kuifunga hata gizani. Lakini haruhusiwi kuikata springi kwa msumeno, wala kukichonga kipande chochote ili kiende kwa namna aipendayo. Kazi hiyo ni ya fundi wa silaha, naye pia hufuata kitabu. Hakuna askari anayeiona amri hiyo kuwa dhuluma, kwa sababu anajua kwamba kipande kimoja kikibadilika, vyote vinavyokitegemea hubadilika pamoja nacho. Ajabu ni kwamba askari yule yule, akiisha kuvua sare, humtazama fundi akiikata springi ya gari litakalobeba watoto wake kesho, naye akamshikia tochi.

MAGURUDUMU YA INCHI 17

Ichukuliwe kwa mfano nyumba ya sajini mmoja wa polisi jijini Kampala. Ana mke na watoto watatu, na mama yake mzazi anaishi kijijini katika milima ya Kabale. Sajini huyo alichukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo, akanunua Corona lililokuwa na matairi ya 185/65 R14.

Namba hizo zimeandikwa ubavuni mwa kila tairi, na yafaa kila mwenye gari azielewe. Ile 185 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 65 ni asilimia ya upana huo, nayo hutoa kimo cha ubavu, yaani nyama ya tairi kati ya rimu na barabara: hapa ni kama milimita 120. Ile 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Vikijumlishwa vyote, tairi zima lina kipenyo cha milimita 596 hivi. Kipenyo hicho ndicho alichokijua mhandisi wa kiwanda alipopanga meno ya gia, nguvu ya breki na hesabu ya mshale wa mwendo.

Sajini alikwenda Kisekka, soko linalojulikana Kampala nzima kwa spea za magari, akarudi na rimu nne za inchi 17 na matairi ya 205/40. Fundi alimhakikishia kwamba kipenyo cha nje hakikubadilika, na katika hilo fundi alisema kweli: tairi hilo nalo lina kipenyo cha milimita 596 hivi. Yule jirani aliyetia 195/65 R15 ndiye aliyekosea hesabu hiyo. Kipenyo chake kiliongezeka kwa milimita 38, na tangu siku hiyo mshale wake ukisema 100, gari linakwenda 106. Breki zake nazo zinalazimika kushika gurudumu kubwa kuliko zilivyoandaliwa.

Lakini fundi hakusema jambo la pili. Ili rimu ya inchi 17 iingie ndani ya mduara ule ule, nyama ya tairi ilipungua kutoka milimita 120 hadi 82. Nyama ile si urembo. Ndiyo mto wa kwanza wa gari, unaomeza kokoto, ukingo wa lami uliomeguka, na shimo lililojaa maji ya mvua lisiloonekana kina chake. Mto ukipungua, pigo hupita moja kwa moja hadi kwenye rimu, kutoka kwenye rimu hadi kwenye beringi na bushi, na kutoka hapo hadi kwenye uti wa mgongo wa aliyekaa kitini. Rimu ya aloi ikipigwa hivyo hupinda au hupata ufa, na ufa mdogo huvujisha upepo polepole usiku kucha, ukaonekana asubuhi watoto wamekwisha kuvaa sare za shule.

Yapo na matundu ya nati. Rimu yenye matundu matano yaliyopangwa katika duara la milimita 100 haiingii kwa haki penye boliti zilizopangwa kwa milimita 114.3, hata kama jicho linaona kwamba zinakaribiana. Rimu inayolazimishwa kwa nyundo hukaa upande, na nati zake hulegea safarini. Tundu la katikati nalo likiwa kubwa kuliko kitovu cha gurudumu, sharti kiwekwe kipete cha kujazia, la sivyo usukani utatetemeka kila gari linapokolea mwendo.

KUINUA NA KUSHUSHA

Rimu mpya zilikuwa pana, zikachomoza nje kidogo. Gari likiwa tupu halikuonyesha neno. Lakini siku familia nzima ilipoingia, na gunia la mkaa likawekwa nyuma, matairi yalianza kusugua kingo za bodi katika kila tuta. Sajini akarudi kwa fundi. Dawa iliyotolewa ilikuwa kuliinua gari kwa vipande vinene vinavyofungwa juu ya springi, ambavyo mafundi huviita spesa. Gari lilipanda kwa sentimita 5, likapendeza, likafanana na gari la mkubwa.

Haja ya kuinua gari katika nchi hii ina msingi. Barabara za moramu huchimbika wakati wa mvua, na jiwe moja linaweza kupasua sampu ya oili. Lakini spesa haiongezi uwezo wa springi hata kidogo. Inalipandisha gari tu. Shokamzoba, ambayo kazi yake ni kuituliza springi isirukeruke, sasa husimama ikiwa karibu imevutwa yote, na gurudumu likiingia shimoni haina urefu wa kulifuata. Ekseli za mbele, zilizozoea kulala karibu sawa na ardhi, hulazimika kuzunguka zikiwa zimeinama. Mipira inayofunika viungo vyake hupasuka, grisi humwagika, vumbi huingia, na baada ya majuma machache husikika mlio wa tak-tak-tak kila gari linapokata kona.

Uzito wa gari nao umepanda pamoja na bodi. Gari refu huyumba zaidi likikwepa mwendesha bodaboda aliyejitokeza ghafla. Tena fundi akiinua mbele kuliko nyuma, taa huelekea angani. Sajini huyu, ambaye kazini huwasimamisha wenye taa za kupofusha watu, alishangaa usiku mmoja katika barabara ya Masaka kuona kila basi linalomjia likimwashia na kumzimia taa kwa hasira.

Jirani yake, koplo, alifuata njia ya pili: kulishusha. Springi yake ilikuwa na mizunguko sita inayofanya kazi, akakatiwa mmoja. Watu wengi hudhani springi iliyokatwa huwa laini kwa kuwa imepungua. Ni kinyume chake. Chuma kilekile sasa kinafanya kazi kwa mizunguko mitano badala ya sita, nacho huwa kigumu zaidi kwa moja ya tano. Afadhali hilo kuliko wale wanaoilainisha springi kwa moto wa gesi ili iketi chini. Chuma kikipashwa namna hiyo hupoteza ugumu kilichotiwa kiwandani, na huweza kuvunjika siku yoyote bila kubisha hodi.

INJINI NA HEWA YA MILIMANI

Magurudumu makubwa ya inchi 17 yalikuwa mazito kuliko yale ya kwanza, na gari likawa zito kuondoka penye taa za barabarani. Basi ikaja zamu ya injini. Sanduku la chujio la hewa likaondolewa, bomba la moshi likanyooshwa ili lisizuiwe na kitu, na thamostati ikatupwa kwa hoja kwamba Afrika ni nchi ya joto na kifaa hicho kilitengenezwa kwa nchi za theluji. Gari likanguruma. Sajini akaridhika kwamba sasa lina nguvu.

Sauti si nguvu. Injini ya petroli huunguza hewa na petroli kwa kipimo: kwa uzito, sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli. Zamani, katika magari ya kabureta, fundi mwenye sikio zuri aliweza kuligeuza bisibisi na kurekebisha kipimo hicho. Katika magari ya sasa kazi hiyo hufanywa na kompyuta ya injini, inayopima hewa inayoingia na moshi unaotoka. Kuvua chujio hakuiongezei kompyuta hiyo akili. Huingiza tu vumbi la moramu ndani ya silinda, na vumbi hilo husaga pistoni na ringi zake kama msasa.

Kuna na jambo la mwinuko. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kabale iko kama mita 2,000. Kadiri mtu apandavyo ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake ikiwa Kampala, na karibu moja ya tano ikiwa Kabale. Hakuna bomba la moshi linaloweza kuirudisha hewa ambayo mlima umeinyima injini. Turbo huweza, kwa kuisukuma hewa ndani kwa nguvu. Lakini gari lililoundwa na turbo lilipewa tangu mwanzo pistoni, mfumo wa kupoza na vipimo vya petroli vya kuihimili. Kuifunga turbo kwenye injini isiyoandaliwa ni kumbebesha mtoto gunia la mtu mzima.

Thamostati nayo ilitupwa kwa kuonewa. Haikuwekwa kwa ajili ya theluji peke yake. Hubaki imefungwa mpaka maji ya injini yafikie joto lake la kazi, mara nyingi karibu nyuzi 82, kisha hufunguka na kuyaruhusu yaende kwenye rejeta. Ikiondolewa, injini hukawia kupata joto, na kompyuta huendelea kuinywesha petroli nyingi kama kwamba ni asubuhi ya baridi. Mke wa sajini, asiyejua jina la kifaa hicho, alikuwa wa kwanza kuona kazi yake, kwa sababu ndiye aliyeandika matumizi ya nyumba katika daftari. Safu ya petroli ilikua, na safu ya maziwa ikapungua.

SAFARI YA KABALE

Mwezi wa Desemba familia ilikwenda Kabale, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, ili kumleta bibi Kampala akatibiwe mgongo. Kabla ya kufika Mbarara mtoto mdogo alikwisha kutapika mara mbili. Kilomita chache mbele rimu moja ilipiga shimo na kupata ufa. Gurudumu la akiba lilikuwa lile la zamani la inchi 14, nalo ndilo lililowafikisha.

Kurudi, bibi alikaa nyuma kati ya wajukuu. Kupanda lile gari lililoinuliwa kulimchukua muda, akishikwa mkono na mkaza mwanawe. Njiani aliomba wasimame mara tatu, na kila mara alisema ni kwa ajili ya kujinyoosha tu. Hakulalamika, maana wazee wa huko hawamlalamikii mtoto aliyewafuata kwa gari lake. Lakini siku matibabu yalipokwisha, mwanawe aliposema kwamba atamrudisha Jumamosi, bibi alimjibu kwa upole: “Mwanangu, gari lako ni zuri, nami nimeona fahari. Lakini mimi nitarudi kwa basi.”

Maneno hayo yalimchoma sajini kuliko karipio la mkubwa wake. Usiku ule mkewe aliliweka daftari kando, akamwuliza: “Baba watoto, siku zote ulipokuwa ukilitengeneza gari hili, wewe ulikuwa unakaa kiti gani?”

“Cha dereva,” akajibu.

“Basi kesho mpe koplo usukani, nawe ukae nilikokaa mimi na mama.”

Asubuhi alifanya hivyo. Koplo aliendesha kwa mwendo wa kawaida juu ya matuta na viraka vya barabara ya kila siku. Dereva ana usukani wa kujishikia, na huliona shimo kabla ya kulifikia. Aliyekaa nyuma hana usukani wala haoni shimo; pigo humjia kama habari mbaya. Tena katika kiti cha nyuma sajini aliutafuta mkanda, asiuone. Ulikuwa umelala chini ya kitambaa cha urembo alichoshonesha mwenyewe, na watoto wake walikuwa wamesafiri kutoka Kabale bila kufungwa.

WALIOSHINDA SAFARI RALLY

Wako watakaosema kwamba magari ya kawaida yamebadilishwa na yakafanya maajabu katika Afrika Mashariki hii hii. Ni kweli, na ushahidi upo. Mashindano ya Safari Rally yalipoanza mwaka 1953, njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404, gari lile lile ambalo watu walilipanda kama teksi, lilishinda miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika 1966 na 1967 dereva wake alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara 5: mwaka 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, na ushindi huo wa miaka minne aliupata kwa Datsun Violet, gari ambalo asili yake ni la familia.

Lakini yafaa kuangalia magari hayo yalibadilishwa kwa kusudi gani. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyomaliza mashindano hayo yalikuwa 7 tu. Mengine yote yalifia njiani. Aliyeshinda Safari ni yule ambaye gari lake lilikataa kufa. Kwa hiyo mafundi walianza na bamba la chuma la kuikinga injini, na bodi iliyoimarishwa kwa kuchomelewa. Springi na shokamzoba zilichaguliwa kwa pamoja, zikabadilishwa njiani kila zilipochoka, na matairi yalikuwa na nyama nene. Ndani walikaa watu wawili wenye kofia ngumu na mikanda, na nyuma yao likafuata kundi la mafundi. Gari la nyumbani halina kundi la mafundi linalolifuata. Lina bibi, mtoto mchanga na kikapu cha ndizi. Anayetaka kuwaiga mashujaa wa Safari na aige kwanza busara yao, ndipo aige rimu zao.

FEDHA IENDE WAPI KWANZA

Mwenye gari aliye na fedha ya kulitengeneza afuate mpango, kama vile jeshi linavyofuata mpango katika kugawa vifaa. Kwanza ni matairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililotumika, hata likiwa na meno mazuri, laweza kuwa zee lililokauka mpira. Meno yakilika hadi kufikia vile vinundu vidogo vilivyo ndani ya mifereji, yaani milimita 1.6, tairi limekwisha kazi.

Pili ni breki. Gari linalokwenda 80 kwa saa, lenye breki nzuri juu ya lami kavu, huhitaji kama mita 35 kusimama tangu breki ishike. Likienda 100 huhitaji kama mita 55, licha ya mita zinazopotea kabla mguu haujafika kwenye pedali. Mwendo umeongezeka kwa robo, umbali umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Anayeongeza nguvu ya injini bila kuangalia pedi za breki amenunua kasi bila kununua kusimama. Maji ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa. Yafaa yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi.

Tatu ni shokamzoba, springi na bushi, zinunuliwe jozi kwa jozi, kisha mwelekeo wa magurudumu upimwe. Mwenye kusafiri na mzigo mara kwa mara atafute springi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari la aina yake na uzito mkubwa zaidi, pamoja na shokamzoba zinazolingana nazo. Gari litapanda kidogo kwa haki, bila spesa. Nne ni mikanda ya viti vyote, itolewe chini ya vitambaa, ivutwe na kujaribiwa mmoja mmoja. Tano ni injini, na dawa yake ya kwanza ni huduma ya kawaida: oili safi, plagi mpya, chujio jipya, na thamostati irudishwe mahali pake. Gari lililozeeka mara nyingi halikosi nguvu mpya. Limepoteza nguvu zake za zamani, nazo zinaweza kurudishwa.

Kisha, fedha ikibaki, zije rimu. Hata hapa ipo njia ya heri. Aliyekuwa na 185/65 R14 anaweza kutia rimu ya inchi 15 yenye tairi la 195/55. Kipenyo cha nje hakitofautiani hata kwa milimita 1, na nyama inabaki kama milimita 107. Sajini aliuza zile za 17, akavua spesa, akatia rimu za 15 zinazong'aa kama kiatu cha gwaride. Mwezi wa Aprili, bibi alipotakiwa kurudi hospitali, alipelekewa gari. Njiani alisinzia.

Kila mwenye gari anaweza kulifanya jaribio la yule mke, na halina gharama. Kabla ya kumlipa fundi, na tena baada ya fundi kumaliza, mwenye gari ampe mtu mwingine usukani, akae kiti cha nyuma katikati, mahali anapokaa mtoto mdogo kuliko wote, na gari lipite katika barabara ya kila siku. Akiona anaweza kukaa hapo kwa kilomita 50 bila kushika kiti cha mbele, kazi imefanywa vyema. Akiona hawezi, basi asimlipe fundi mpaka gari litakapomfaa yule anayekaa hapo.